Karatasi ya Tatu

Jumapili, saa nane mchana

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na habari nitasahau salamu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hapiti mlangoni kimya. Kifua chako kimepoa? Ule mto niliokutumia unaulalia mwenyewe, au umeugawa kama ulivyoligawa blanketi? Kula vizuri, na usibebe magunia ya stoo peke yako kana kwamba una mgongo mwingine wa akiba. Mama hajambo. Goti lake ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Mpwa wako ana meno sita na anatembea kwa kushika ukuta. Akiiona picha yako anaita baba, nami namwambia huyo ni mjomba, baba ni yule pale mlangoni aliyeinamisha kichwa.

Katika barua zako mbili zilizopita umeniuliza habari za vitabu ulivyotutumia, na mara zote mbili nimekujibu habari za mvua. Najua umeona. Wewe si mtu wa kulazimisha, ila ukiuliza jambo mara ya tatu huwa unakuja mwenyewe. Basi leo nakujibu.

Nianze na jambo ambalo nimekuficha tangu siku ya posa. Shemeji yako alioa akiwa hajui kusoma. Aliacha shule darasa la pili, akaingia chini ya magari na hakutoka tena. Jina lake aliweza kulichora, kama mtu anavyochora kikombe. Ulipokuja kututembelea ukamwona ameshika gazeti, alikuwa anatazama picha ya treni. Aliniomba nisimwambie mtu, nami nikamfichia, maana ndoa ni kufichiana. Kwa hiyo lile furushi lako lilipofika, vitabu viwili vya kutengeneza magari ya mashindano, kimoja kikiwa kile cha chuo cha ufundi ambacho walimu walikitafsiri wakakipiga taipu na kukishona kwa uzi, aliruka kama mtoto, akavinusa, kisha akanitazama mimi. Nikaelewa kwamba msomaji ni mimi.

Tulipanga hivi. Alikuwa anarudi kutoka gereji saa kumi. Ananawa, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mimi naketi kitandani na mtoto mapajani, nasoma kwa sauti. Sikusoma kama mwalimu, kaka. Nilisoma huku nachambua mchele, huku nanyonyesha, huku napepea uji. Mimi elimu yangu unaijua, ni ya kuandika barua na kukagua stakabadhi. Nilikuwa sielewi nusu ya ninachosoma. Lakini yeye alikuwa anafumba macho, na kila sentensi ikimfikia, mikono yake inaanza kwenda hewani, inakaza, inalegeza, inainua. Kikisema uzito wa gari hukimbilia mbele ukikanyaga breki, mwili wake wote unainama. Na alichosikia mara moja hakikutoka. Baada ya wiki sita angeweza kunisomea mimi kitabu akiwa amefumba macho, nami nikifuata kwa kidole sikuti kosa.

Bosi, yule mwenye gereji, ana gari dogo jekundu la kushindana, ambalo kwa miaka lilikuwa likimaliza mwisho au kutomaliza kabisa. Shemeji yako akaomba apewe ruhusa tu ya kulijaribu. Kitabu kilisema kila gurudumu lipimwe linabeba uzito kiasi gani, na dereva awe ameketi kwenye kiti chake. Wakaazima mizani nne za stoo ya nafaka, wakaziweka chini ya matairi. Dereva, mwembamba mmoja wanayemwita Kiroboto, siku hiyo alikuwa kwenye harusi. Nikaitwa mimi. Mimi na mwanangu mkononi, na sufuria ya chuma mapajani, tukawa Kiroboto kamili, kilo kwa kilo. Mpiga rangi wao, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akapaza sauti kwamba njooni mwone, leo Kiroboto ananyonyesha. Nilicheka mpaka mizani zikacheza, shemeji yako akanigombeza nisitikisike. Kaka, kama kuna siku niliyoona ndoa yangu inameremeta, ni ile, nimekaa ndani ya gari lisilo na zulia wala redio, na mume wangu amepiga magoti chini ya gurudumu anasoma namba. Namba anazijua. Namba hazikumkataa.

Lile gari likaanza kumaliza la sita, la nne, la pili. Akawa anakwenda gereji na kitabu kwapani. Wakambandika jina, Profesa. Mpiga rangi alikuwa akimwona tu anasimama wima, anauliza leo Profesa anafundisha darasa gani. Naye anacheka, anakifungua kitabu mahali penye mchoro, anawaeleza maneno yote ya ukurasa huo, na wao wanadhani anasoma.

Sasa nifike kwenye wiki yenyewe. Jumatano walikuwa na majaribio, na gari likawa linarusha mkia kwenye kona. Yaani dereva akikata usukani, nyuma inataka kuipita mbele. Redio ilitabiri mvua Jumapili, siku ya mashindano, na Bosi akasema gari la namna hiyo kwenye maji ni jeneza lenye namba. Alhamisi shemeji yako akarudi mapema, akaniomba nimtafutie kipande kinachozungumzia mkia. Mtoto alikuwa anaota meno, ana homa, na mimi nilikuwa sijafumba jicho siku mbili. Nikamtafutia, nikamsomea. Kilizungumzia stabilaiza ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayoshika magurudumu mawili ili gari lisilale kwenye kona. Ile ya gari lao ina matundu, unaikaza au kuilegeza hatua kwa hatua.

Nilipomaliza, mikono yake haikwenda hewani. Ilibaki magotini. Akasema taratibu kwamba mikono yake inakataa. Akaniuliza kama nina hakika ndivyo kilivyoandikwa. Nikamwambia ndivyo. Akaniomba nirudie. Mtoto alikuwa analia, kaka, sufuria inaungua, titi linaniuma. Nikamwambia, “Kama huniamini, basi kisome mwenyewe.”

Tangu tuoane sikuwa nimewahi kumpiga kwa jambo hilo. Akainuka, akampokea mtoto, akatoka naye nje kumbembeleza ili nipumzike. Hakuniuliza tena.

Ijumaa akaikaza stabilaiza ya nyuma hatua mbili. Jumapili mvua ikanyesha. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya kushoto, mkia ukatoka wote, gari likageuka kama sarafu na kuingia kwenye ukuta kwa ubavu wa dereva. Kiroboto hakufa. Nyonga ilivunjika mahali pawili, na mguu wa kulia hautakunjika tena. Nilikwenda kumwona wodini. Ana mama mzee aliyekuwa anamlisha kwa kijiko. Aliponiona akajitahidi kutania, akasema, “Shemeji, mkia wa gari letu una wivu, haukupenda kuachwa nyuma.” Mama yake akacheka kwa adabu. Mimi nilishika chuma cha kitanda.

Siku iliyofuata Bosi akawakusanya mafundi wote. Akamtaka shemeji yako aonyeshe ukurasa uliomwambia akaze. Haya nimesimuliwa na mpiga rangi, na siku hiyo hakuwa na utani hata mmoja. Shemeji yako akafungua kitabu kwenye mchoro wa stabilaiza, akaweka kidole. Bosi akamwambia asome kwa sauti. Bosi akamwambia tena, soma Profesa. Mpiga rangi anasema kile kidole kilikuwa kinatembea juu ya mistari, kinakwenda na kurudi, jasho linadondokea karatasi, na hakuna sauti. Ndipo wakajua wote. Bosi akamuuliza ni nani basi amekuwa akimsomea. Kaka, angeweza kunitaja. Akasema hakuna aliyemsomea, ametunga kichwani mwake. Wakamfukuza siku hiyohiyo.

Alirudi nyumbani asubuhi, saa ambayo sijazoea kumwona. Hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Siku ya tatu akaniomba kitu kimoja, nimsomee tena kile kipande cha mkia. Nikamsomea. Kinasema gari likirusha mkia, stabilaiza ya nyuma ilegezwe. Akaniomba nirudie. Ilegezwe. Akajigusa paji la uso kwa kidole akasema, “Basi ni hapa. Wewe ulisema legeza, mimi nikashika kaza.”

Sasa anaziba pancha kwenye kona ya barabara, karibu na kituo cha mafuta. Usidhani namdharau kwa kazi hiyo, kazi ni kazi. Kinachoniua ni namna anavyoifanya. Mtu aliyekuwa amebeba gia boksi nzima kichwani, kila jino lake, sasa anakaza nati za gurudumu, anasimama, anarudi, anakaza tena. Gari likiondoka anabaki analiangalia, kisha anatimua mbio nyuma yake, anapiga boneti kwa kiganja, anamwomba mwenye gari ashuke akague mara nyingine. Watu wa pale hawamwiti Profesa. Wanamwita Rudia. Nyumbani ananiuliza ufunguo uko wapi, na yeye ndiye aliyeutundika. Ananiuliza kama ameshakula. Amefunga uzi kwenye kidole, na anasahau ni wa nini kwa sababu amekwisha amini kwamba atasahau. Nikimwambia umri wako ni mdogo, kichwa chako kizima, ananiambia nisimpe moyo, kichwa chake kimemvunja mtu nyonga.

Mwezi wa pili tangu afukuzwe, akaniletea kipande cha chaki. Akasema nimfundishe kusoma. Akasema kichwa hakishiki, labda karatasi itashika. Nikaanza naye kwenye ukuta wa jikoni, a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi. Mwenyewe akawa anaandika kwa chaki kwenye tairi za watu zinazosubiri kuzibwa, wateja wanaondoka na ma me mi mo mu zinazunguka barabarani. Anajifunza upesi kuliko mtoto yeyote, ingawa haamini, kila somo ananiambia limeshatoka. Sasa anasoma vibao vya maduka. Anasoma maandishi ya gunia la unga. Anakwenda polepole, kidole kikiwa chini ya neno, midomo inatafuna. Nilimuuliza akijua kabisa atasoma nini kwanza. Akasema atasoma ule ukurasa, mwenyewe, kwa macho yake, ili ajue ni neno gani lililomponyoka.

Nilipolisikia hilo nikaacha kumfundisha. Nikamwambia nimechoka. Wiki mbili nimekuwa nikimwambia nimechoka, naye anasema pole mama, pumzika, anakaa peke yake na chaki yake.

Na ningeendelea hivyo, nisikudanganye. Lakini Jumanne tulikuwa tunampeleka mtoto kliniki. Nilikuwa na mzigo, nikamwambia ambebe mtoto tuvuke barabara. Akarudi nyuma hatua moja. Akaficha mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kushikishwa kitu cha wizi. Akasema nimbebe mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anaweza kusahau kwamba amembeba.

Tulivuka, mimi na mzigo na mtoto, yeye anatufuata mikono mitupu.

Karatasi inayofuata, kaka, ni ya tatu. Usishangae mwandiko. Nimeiandika kwa herufi kubwa zilizoachana, na maneno mafupi, kama ya darasa la kwanza. Nawe uisome. Lakini ni yake kwanza.

*

Baba wa mtoto wangu.

Soma polepole. Usiogope. Maneno yote haya unayaweza.

Wewe hukusahau.

Kichwa chako ni kizima. Siku ile nilisoma kaza. Wewe ulisikia kaza. Ulishika sawasawa.

Kitabu kilisema legeza. Mimi nilisema kaza.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla, mtoto alimwaga uji juu ya kitabu. Niliufuta. Sikuufuta vizuri. Uji ulikauka. Kurasa mbili ziligandana. Namba za kurasa hazimo, walizikata waliposhona.

Nilisoma chini ya ukurasa mmoja. Nikafunua. Nikasoma juu ya ukurasa mwingine. Katikati palikuwa na maneno. Sikuyasoma. Yale ya kwanza ni ya gari linalorusha mkia. Yale ya pili ni ya gari linalokataa kona. Hilo ndilo la kukaza. Mimi niliyaunga yakawa moja.

Sasa soma hapa. Hapa ni pagumu.

Nilijua. Niliposhika karatasi ile nilisikia kwa vidole kwamba ni nene. Nilijua zimegandana. Nilichoka. Nikasema moyoni, si kitu. Nikapita.

Wewe ukasema mikono yako inakataa. Mikono yako ilisema kweli. Nikakutukana kwa kutojua kusoma. Ndiyo maana hukuuliza tena.

Kiroboto alipoumia, wewe ukiwa wodini kwake, nilichukua kisu cha meza. Nikazibandua. Nikaona legeza.

Ukaniomba nisome tena. Nikakusomea legeza. Sikukwambia kwamba mara ya kwanza nilisema kaza. Ukasema, ni hapa. Ukagusa kichwa. Nikanyamaza.

Nimenyamaza miezi mitano. Umekuwa ukikimbilia magari ya watu kwa ajili ya kosa langu. Umeogopa kumbeba mwanao kwa ajili ya kosa langu.

Kitabu kimo chini ya sanduku la nguo zangu. Ukurasa una doa. Herufi nyingine zimebanduka kwa kisu. Legeza ipo. Utaiona.

Mbebe mtoto. Hutasahau. Wewe husahau kitu.

*

Kaka, huu tena ni mwandiko wangu wa kawaida.

Sikuombi unitetee. Nilifikiri kumwambia kwa mdomo, nikaona haitafaa. Atasema namfariji. Ataona nimebuni hadithi ya uji ili nimrudishie kichwa chake, kwa maana anajua nampenda, na mtu anayekupenda si shahidi mzuri. Na zaidi ya hapo, sauti yangu ndiyo iliyomdanganya mara mbili kwenye chumba hikihiki. Nimeona heri asome. Alisema anataka neno lililomponyoka alione kwa macho yake. Basi hili hapa.

Akishalisoma, Kiroboto na mama yake watasikia kutoka kwangu. Nitakwenda mwenyewe, na kwa Bosi pia. Sijui kama kuna mguu unaokunjika kwa mtu kusema kweli. Sidhani. Mguu utabaki vile, na mashindano hayatarudi, na mimi usingizi wangu siutegemei. Nimekubali kuchukiwa, kama ndilo litakalokuja. Sikukubali mwanangu akue na baba anayeficha mikono nyuma.

Msalimie wifi na watoto wake. Mwambie yule mkubwa kwamba ile kofia bado naishona. Mama anasema usisahau kumwandikia yeye peke yake, amechoka kusomewa salamu zilizoandikwa kwa wengine. Zingatia kifua chako. Vaa fulana asubuhi.

Nimesikia sasa hivi anaegemeza pampu yake ukutani. Leo Jumapili amefunga mapema. Yuko bombani, anataka kunawa, maana vidole vyake vinashika weusi wa tairi, na unajua anavyoiheshimu karatasi. Nimemwita dirishani. Nimemwambia asinawe, aje hivyohivyo.

Anasoma kwa kidole, nimeshakwambia. Kila mstari atakaoupita utabaki na alama chini yake. Barua hii nitaitia kwenye bahasha leo na kuipeleka mwenyewe, hata iwe vipi. Ukiifungua, kabla ya kunifikiria lolote, itazame karatasi ya tatu. Alama zikifika mpaka mwisho, ujue amesoma yote. Zikiishia katikati, ujue pale ndipo alipoinuka. Basi njoo, kaka, usiandike, njoo. Ukae kwenye kigoda cha dirishani, umsomee mistari iliyobaki wewe, kwa sauti yako.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa mpwa wako